Nilinyoosha mstari uliotetemeka

Mzee wa Wino, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu enzi nilipokuwa nafagia studio na kupanga glovu, kabla hata sijaruhusiwa kushika mashine. Leo nina miaka sita nachora tatuu kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nakosa usingizi kwa sababu ya mstari wenye urefu wa kidole kimoja.

Nianze na namna ninavyofanya kazi, maana ndiko yalikoanzia yote. Mimi situmii rangi. Ni wino mweusi tu, mistari michache, minene, inayojua inakokwenda. Sinakili. Mtu akiniletea kwenye simu picha ya tatuu ya mtu mwingine, namuuliza ni kitu gani hasa kimemvutia humo, halafu naiweka simu kifudifudi juu ya meza tunaanza upya. Namsimamisha, namwambia atembee, ageuze mkono, ainame, avute pumzi. Mwili si karatasi: mchoro ulionyooka mtu akiwa amekaa unaweza kupinda vibaya akisimama. Tunaongea karibu saa nzima. Kisha anarudi nyumbani akalale na wazo lake wiki moja. Siku ya sindano naichora kazi moja kwa moja kwenye ngozi kwa kalamu, bila stensili (ile karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi), ndipo mashine inawaka.

Kuna kazi nazikataa. Pembeni mwa vidole, kwa sababu wino haukai pale na baada ya muda mtu anarudi kunilaumu. Majina ya wapenzi wa miezi mitatu. (Mmoja nilimkatalia, akaenda kuchorwa kwingine, baadaye akarudi kwangu kutaka jina lifunikwe. Sikusema neno. Nilifunika.)

Na juu ya hayo yote nina sheria moja: mstari dhaifu hautoki mezani kwangu. Fundi aliyenifundisha alinipigisha mistari kwenye ngozi ya silikoni siku nzima, na kila uliotetemeka aliuzungushia duara jekundu. Mpaka leo nikifumba macho nayaona yale maduara.

Mwenye studio hanielewi. Kwake mteja ni mfalme, na kila wiki ananikumbusha kwamba mimi nikimaliza mtu mmoja wenzangu wameshamaliza watatu. Mwenzangu wa meza ya pili anasema kinyume: mteja ananunua mkono wako, na anayetaka fotokopi aende kwenye fotokopi. Nilikuwa upande wa huyu wa pili. Mpaka juzi.

Alikuja mwanamume wa makamo, mpole, hana tatuu hata moja. Akafungua kitabu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara moja. Ilikuwa barua fupi ya marehemu baba yake, aliyoiandika miezi michache kabla hajafariki, na chini yake sahihi. Mzee alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mwanawe alitaka sahihi ile kifuani, chini ya mtulinga wa kushoto. Akaniachia karatasi nikae nayo wiki nzima.

Nilikaa nayo kweli. Herufi ya kwanza ni R, na mguu wake umeburuzwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Katikati kalamu ilinyanyuka ikarudi mahali pasipo pake. Mkia wa mwisho una mawimbi madogomadogo, nilihesabu saba. Sahihi yote haizidi sentimita nne. Nikajiambia kwamba mawimbi haya nikiyachora kwa ukubwa huu, baada ya miaka yatamezana yawe doa. Hilo ni kweli, hata wewe umeshaliandika. Lakini kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia mtu: nilitaka kumrudishia yule mzee mkono aliokuwa nao kabla hajaugua. Nikaiandika upya. R ikasimama. Mkia ukapita mara moja, safi, kama ninavyopenda.

Siku ya kazi nilimchorea kwa kalamu, akatazama kwenye kioo, akasema sawa. Nikachora. Akalipa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Saa nne usiku ujumbe ukaingia: "Nimeilinganisha na picha ya barua niliyo nayo kwenye simu. Ni nzuri sana. Lakini huu si mkono wa baba yangu."

Hakunitukana, hakudai pesa. Afadhali angetukana.

Leo ni siku ya tisa na sijajibu. Barua yenyewe aliisahau, bado iko kwenye droo yangu, na nikifungua droo kuchukua kalamu naifunga tena haraka.

Nisaidie mambo mawili. Nimfanyie nini mtu huyu? Na je, kosa limo ndani ya namna yangu ya kazi, hii niliyoijenga miaka sita, au ni la siku ile moja tu? Nikianza kunakili kila ninacholetewa, sijui nitakuwa nimebaki nani.

Wako,
Mstari Mnyoofu

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na kifua cha huyo bwana ndipo tuje kwako, kwa sababu kifua kina ratiba yake na wewe umeshachelewa siku tisa.

Siku ya tisa tatuu inatoa magamba na kuwasha. Baada ya wiki mbili au tatu kwa juu itaonekana imepona, lakini chini ngozi bado inajishona. Hakuna sindano ya kurudi hapo kabla ya wiki sita; mimi husubiri miezi miwili, na sijawahi kujuta kwa kusubiri. Najua wazo lililokujia, lingenijia na mimi: nimwite, nimwongezee mawimbi, yaishe. Usithubutu. Wino unaongezwa, haupunguzwi. Ili mstari ulionyooka uonekane umetetemeka itabidi uunenepeshe huku na huku, na mawimbi hayo yatakuwa yako, si ya mzee. Mara ya kwanza ulimponya bila ruhusa. Usije sasa ukamsingizia ugonjwa.

Leza ya kufutia tatuu ipo. Wino mweusi ndio unaoikubali leza kuliko rangi nyingine, lakini si kazi ya siku moja. Ni vikao kadhaa vinavyoachana kwa wiki nyingi, na kwa ngozi nyeusi unatakiwa mwanga wa nanomita 1064 na mtu anayejua anachofanya, la sivyo wino utaondoka na rangi ya ngozi nayo iondoke. Akikuuliza, mwambie. Usiitangulize wewe. Amesema kazi ni nzuri sana, na huenda akaamua kubaki nayo kama ilivyo. Ukikimbilia kuifuta utakuwa umemwamulia kwa mara ya pili.

Mjibu leo, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Maneno yawe machache. Mimi ningeandika hivi: "Umesema kweli, si mkono wake. Niliunyoosha mimi na sikukuuliza. Nakurudishia pesa yako yote. Ukitaka sahihi yake kama alivyoiandika, mahali pengine mwilini, nitaichora bila malipo. Ukitaka fundi mwingine, gharama ni yangu. Usipotaka lolote nitaelewa. Barua ya mzee iko salama kwangu na naileta." Basi. Usimweleze habari za mistari kumezana. Ni za kweli, ila kwa sasa zitasikika kama utetezi wa mahakamani. Na lile la kumrudishia mzee mkono wake wa uzimani liache moyoni, isipokuwa akikuuliza kwa nini. Akiuliza, mwambie lote, na usilipambe.

Sasa kioo.

Umeandika kwamba alitazama kwenye kioo, akasema sawa, nawe ukaendelea na barua yako kana kwamba hapo pamekwisha. Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu. Mwanangu, kioo kinageuza mwandiko! Alichokiona ni sahihi ya baba yake imeandikwa kinyumenyume, R ikitazama upande usio wake, kwenye kifua chake mwenyewe, hana shati, mara yake ya kwanza maishani, na sindano zimepangwa mezani. Angehesabu mawimbi saba pale? Wewe uliyekaa nayo wiki nzima usingeweza. "Sawa" ya mtu aliye katika hali ile ni adabu tu. Kwa ndege au ua, kioo kinatosha. Kwa maandishi, piga picha kwa simu, mpe aishike mkononi na karatasi yake pembeni, kisha wewe toka nje dakika tano. Watu wengi hawawezi kumwambia fundi hapana akiwa amewasimamia na glovu zake.

Mimi nilifundishwa hilo na paka. Miaka mingi iliyopita mama mmoja aliniletea paka aliyechorwa na mwanawe wa miaka minne, na paka yule alikuwa na miguu mitano. Nikajiona mwerevu, nikaondoa mmoja. Bahati nzuri nilikuwa bado kwenye karatasi. Yule mama akaitazama, akahesabu kwa kidole, akaniuliza mkia umekwenda wapi. Kumbe mguu wa tano ndio uliokuwa mkia. Tangu siku ile, mchoro wa mtoto na mwandiko wa mtu siviboreshi, hata nikiona kosa linalonikodolea macho.

Na hapo nina ugomvi kidogo na kuchora kwako bila stensili. Kwa kazi zako za kawaida nakupa heko. Kuufuata msuli kwa kalamu, mteja akiwa amesimama, ni ufundi ambao wengi wanaojiita wasanii hawana, na tatuu za namna hiyo hukaa mwilini kana kwamba mtu alizaliwa nazo. Lakini mwandiko wa mtu si msuli. Huwezi kuuandika kwa kuutazama tu. Mkono wako utaingiza mazoea yake bila wewe kujua, hata ungekuwa na nia safi kiasi gani. Mwandiko unapitishwa juu ya karatasi ya stensili, kona kwa kona, au unapelekwa kwenye mashine ya kuchapia stensili, na huko mkono wako hauna kauli.

Unaogopa neno kunakili kama ukoma. Basi sikia hili. Mashine unayoishika kila siku ina babu yake, na babu huyo alikuwa mnakili wa ofisini. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kalamu ya umeme: sindano ilipanda na kushuka kwa kasi ikitoboa vitundu kwenye karatasi, ikifuata mkono wa mwandishi, kisha wino ukasukumwa kupitia vitundu vile na nakala zikatoka nyingi za mwandiko uleule. Miaka 15 baadaye, mwaka 1891, Samuel O'Reilly wa New York akapata hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu, iliyotokana na wazo hilohilo. Kwa hiyo mwandiko ulipokujia mezani, mashine yako ilikuwa imerudi kwenye kazi iliyomzaa babu yake. Wewe ndiye uliyeizuia.

Nisieleweke vibaya. Kukataa kunakili tatuu aliyobuniwa mtu mwingine ni haki, na mwenye studio yako akikusukuma huko, kataa tena. Mchoro ule una wenyewe wawili: aliyeubuni na aliyeuvaa. Lakini huyu bwana hakukuletea ubunifu wa mtu. Alikuletea ushahidi. Ule mguu wa R ulioburuzwa ni asubuhi fulani, mzee amekaa, ameshika kalamu, mkono haumtii, na bado ameweka sahihi yake. Sahihi za uzimani alikuwa nazo nyingi, kama kila mtu mzima. Mwanawe angetaka ya uzimani angekuletea hiyo. Alichagua ile.

Tuje kwenye mawimbi kumezana. Uliliona tatizo vizuri, dawa ndiyo uliyoikosea. Wino unakaa kama milimita moja hadi mbili chini, kwenye ngozi ya ndani, na haukai kimya kama rangi ukutani. Seli za ulinzi zinaumeza zikidhani ni takataka. Zikifa, chembe zinamwagika na seli jirani zinazimeza tena. Watafiti huko Ufaransa walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2018. Tatuu inaishi kwa kupokezanwa, na miaka inavyokwenda kingo za mstari zinalegea, mstari unanenepa, vitundu vya herufi vinazibika. Yote hayo unayajua. Sasa: mtetemo ukiwa mdogo mno kwa ngozi, unaukuza. Haufutwi. Sahihi ya sentimita nne ungeipeleka kwenye fotokopi (mwenzako wa meza ya pili atanisamehe) ikatoka na sentimita tisa, mawimbi saba yakapata nafasi ya kupumua, na kifua cha mtu mzima kina nafasi ya kutosha. Sindano nyembamba, kundi la sindano tatu, mashine polepole. Ngozi ya pale ni nyembamba na mfupa uko karibu, kwa hiyo uwe mwepesi wa mkono, usiukandamize wino ukasambaa. Kalamu ya mzee ilipokandamiza, pitia mara ya pili. Iliponyanyuka, acha ngozi wazi. Na kama angeshikilia kwamba lazima ibaki sentimita nne, hapo ndipo pa kumwambia itakavyokuwa baada ya miaka, umwachie achague, au wewe uikatae kazi.

Kuikataa ilikuwa njia halali, nashangaa hukuifikiria. Wewe unakataa vidole, unakataa majina ya wapenzi, mbona hukusema "mkono wangu ni wa mistari minene, kazi hii inataka mtu wa mistari myembamba, nenda kwa fulani"? Nadhani najua. Ile karatasi ilikugusa. Kazi zinazotugusa ndizo tunazotaka kuzifanya wenyewe, na ndizo tunazotia mkono wetu mpaka pasipotakiwa.

Umeuliza kama kosa limo ndani ya namna yako ya kazi. Limo, lakini ni dogo kuliko unavyohofu, na liko kwenye ile sheria yako ya mstari dhaifu, kwa namna ulivyoielewa.

Fundi wako alipozungusha maduara mekundu alikuwa anakufundisha nini? Mstari ulitakiwa uende kule, ukaenda huku, kwa sababu mkono wako haukuwa na uwezo. Huo ndio udhaifu. Mstari dhaifu ni ule uliokwenda usikopelekwa. Sasa chukua mkia wa ile sahihi, mawimbi saba, kila moja na kimo chake, la tatu pengine limelala kidogo, la sita limechongoka. Kuyafuata yote saba yalivyo, bila kuongeza la kwako la nane, kunataka mkono uliotulia kuliko ule unaotakiwa kwa kupiga mstari mmoja ulionyooka. Mstari mnyoofu una kasi ya kuubeba. Ukishaanza vizuri unajimaliza wenyewe. Mtetemo wa mtu mwingine hauna kasi ya kukubeba. Jaribu leo kwenye silikoni. Chapa picha ya sahihi ile, ifuate mara ishirini, kisha zungusha wewe mwenyewe maduara mekundu pale ulipotetemeka wewe badala ya yeye. Utaona yatakuwa mengi, nami sitakucheka.

Kwa hiyo sheria ibaki hiyohiyo. Umeiweka tu mahali padogo.

Na hofu ya kwamba ukifuata mkono wa mtu hutajua umebaki nani, hebu mfikirie bibi mmoja wa milima ya Kalinga, Ufilipino, Whang-Od, aliyezaliwa mwaka 1917. Anachora kwa mwiba na masizi, akigonga kijiti. Mistari yake, na zile alama za nge na tandu, hakuibuni yeye. Ilikuwako kabla yake, naye ameirithisha kwa wajukuu wa ndugu zake. Hakuna anayesema bibi yule hana mkono wake. Wageni wanaopanda mlima wanatamani kuondoka na vinukta vitatu tu, kwa sababu vinukta hivyo vitatu ndivyo sahihi yake. Miaka na miaka amechora alama za wahenga, chake mwenyewe kikakaa kwenye vinukta, na watu wakakijua. Wewe una saa nzima ya mazungumzo, una kuwatembeza wateja, una wiki ya kulalia wazo. Hicho ndicho kilicho chako, na hakuna atakayekunyang'anya kwa sababu siku moja ulifuata R iliyopinda.

Kuhusu saa hiyo nzima, swali moja. Nani anaongea zaidi? Usinijibu mimi. Wakati mwingine fundi anamuuliza mtu habari zake kwa upole sana, huku kichwani ameshaanza kuchora, na anachokisikia ni kile tu kinachofaa mchoro wake. Nimekuwa fundi huyo. Dawa niliyoipata ni ya karatasi. Kwenye ile fomu unayomjazisha mteja, pale anapoulizwa kama ana mzio, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama makovu yake huvimba, ongeza mstari mmoja kwa kalamu: "Kitu gani hapa nisikiguse?" Aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Wengi wataacha wazi, na kwa hao fanya utakavyo. Atakayejaza, soma alichojaza kwa sauti kabla ya kuwasha mashine. Yule bwana, nakuhakikishia, angeandika maneno mawili matatu na leo tusingekuwa hapa.

Mwenye studio sitamjibu sana. Ana kodi ya kulipa na ana haki ya kuhesabu vichwa. Mpe kitu: zile kazi ndogo zisizohitaji saa nzima zifanye kwa nusu saa, na kile cha kumtuma nyumbani wiki moja mtu anayetaka nyota ya sentimita mbili kifikirie upya. Nyota ni nyota. Muda wako uweke kwenye zile kazi ambazo mtu anakuja nazo ndani ya kitabu, zimekunjwa mara moja.

Halafu ile droo. Irudishe barua leo, usingoje ajibu ujumbe wako kwanza. Itie kati ya makadi mawili magumu isikunjwe mara ya pili, weka ndani ya bahasha, ipeleke mwenyewe ukiweza. Na kabla hujaifunga bahasha, hakikisha hakuna wino wako uliodondokea juu yake.